Posa Niliyoitafsiri Mwenyewe

Niliporudi nyumbani kutoka jeshini, mama alinipokea getini na majina ya watu wa kanisa waliokuwa wakiniombea. Hakunikumbatia kwanza. Alisimama pale kwenye geti la nyumba yetu ya La Rochelle, kanga ya pili mabegani kwa sababu ilikuwa Julai na baridi ya Johannesburg haina adabu, akaanza kunihesabia: mama yule wa kwaya alifunga siku tatu, mzee yule aliota nimevaa nguo nyeupe. Ndipo akanishika mashavu na kusema, "Mbona umekonda hivi, kama umetoka gerezani?" Nikacheka. Nilikuwa nimekaa miaka mitano jeshini, mingi kati ya hiyo Burundi na Kongo tukilinda amani, nimeelekezewa bunduki na watoto wa watu, na bado mama ndiye mtu pekee niliyemwogopa.

Inabidi niseme sisi ni nani, la sivyo mtapotea. Baba alikuwa mkimbizi wa siasa wa huku Afrika Kusini aliyeishi Morogoro miaka mingi. Akamwoa mama, Mluguru wa milimani, na mwaka tisini na nne akaturudisha kwao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Kizulu nilikuwa nacho kidogo kutoka kwa baba, na kilichobaki nilikipata shuleni kwa haraka, maana wasichana wanaokucheka hufundisha kuliko mwalimu. Mama hakukipata. Kizulu chake kiliishia kwenye bei ya vitambaa na uzi, na Kiingereza chake kwenye salamu, kwa sababu alishona mchana kutwa chumba cha mbele na jioni alikwenda kwenye kanisa la Wakongomani, ambako watu walisali Kiswahili. Kiswahili chao si kama chetu cha Morogoro, lakini mama alisema afadhali hicho kuliko kumwambia Mungu mambo yake kwa kubahatisha.

Kwa hiyo nikawa mdomo wake. Ofisi ya vibali, kliniki, mwenye nyumba, wote walisema na mimi, mimi nikasema na mama. Daktari aliponiambia kwamba baba hatamaliza mwaka, alinitazama mimi, si mama, akasema "mwelezee vizuri." Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikamweleza vizuri.

Nilipoingia jeshini hawakuchelewa kugundua kwamba Kiswahili kilikuwa kinahitajika huko tulikopelekwa. Wakanifanya mkalimani. Mkuu wangu alikuwa mtu mkavu, asiyependa maneno, na sharti lake lilikuwa moja: sema kilichosemwa, usitie chumvi, usipunguze makali. Nimewahi kukaa kati ya kanali na mama mjane kijijini, mjane anamtukana kanali matusi ya nguoni, nami nikayatoa moja moja kwa sauti ile ile, kanali ananikodolea macho. Kazi niliipenda. Ukisema maneno ya watu siku nzima, hakuna anayekuuliza ya kwako.

Aliyeniuliza ya kwangu alikuwa mmoja, muuguzi wa jeshi, mwanamke wa pwani ya Rasi, kusini kabisa, mwenye kicheko cha kuamsha kambi. Yeye alimaliza muda wake kabla yangu, akapanga fleti Randburg. Sitasema mengi juu yake, maana mwenyewe hapendi kusemwa. Niseme tu kwamba kwa miaka mitatu, nikipata habari yoyote, nzuri au mbaya, yeye ndiye niliyetaka aisikie kwanza. Niliporudi akaniambia kwenye simu, "Chumba kipo, ufunguo upo." Nikamjibu nataka kwanza nikae kwa mama kidogo. Hakunibembeleza.

Basi nikakaa kwa mama. Nikapata kazi ya ulinzi kwenye jengo la ofisi huko huko Randburg, teksi mbili, hizi daladala za huku, kwenda na mbili kurudi. Mchana nilikula na yule mwenzangu muuguzi kwenye benchi nyuma ya maduka, tumekaa mbalimbali kidogo, kama watu wanaosubiri usaili. Jioni nilirudi La Rochelle nikakuta sahani yangu imefunikwa. Mama alikuwa ametundika picha yangu ya sare ukutani, juu ya cherehani, na wateja wote walijua binti yake ni mwanajeshi. Lakini hakuna hata siku moja aliyoniuliza nililala wapi huko, nilimwona nani akifa, nini kinanishtua nikisikia geti la jirani likibamizwa. Watu wa kanisa walikuja kunishika mkono na kumshukuru Mungu, wakanywa chai, wakaongea wao kwa wao. Nilikaa katikati yao nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Jamani, upweke wa ugenini nilikuwa nimeuzoea, una dawa zake. Huu wa nyumbani kwetu, nikiwa nimeketi kwenye kiti nilichokalia tangu nikiwa shule, sikuujulia.

Nikaamua kumwambia. Ilikuwa Jumanne, mama anachambua mchele kwenye ungo, mimi namenya vitunguu.

"Mama, nina mtu."

Alinyanyua uso, na uso huo uling'aa hata nikamhurumia. "Mkristo?"

"Mkristo."

"Ana kazi?"

"Ni muuguzi. Tulikuwa naye jeshini." Nikaweka kisu chini. "Ni mwanamke, mama."

Akarudisha macho kwenye ungo. Akaokota kijiwe, akakitupa. Akaokota kingine. Nilisubiri anipige, anililie, aite jina la Yesu, chochote. "Neno hilo usilirudie humu ndani," akasema mwishowe. "Siku nikilisikia tena, utafute pa kulala." Kisha akaniuliza kama vitunguu vimeisha, na tukapika.

Wiki tatu baadaye akaniletea habari nyingine. Kulikuwa na kinyozi wa Hillbrow, Mkongomani wa Bukavu, mtu wa kwaya, amefiwa na mke. Wazee wa kanisa walikuwa wameongea na mama na Jumamosi wangekuja kuposa. Huyo bwana nilikuwa nimekutana naye mara mbili, na sina baya la kumsema. Mara ya pili alinisaidia kubeba viti, akaniuliza kama kweli nimefika Bukavu, na nilipomwambia nimefika, macho yakamlenga machozi. Ningekuwa mtu mwingine ningempenda.

"Mama, nilishakwambia."

"Uliniambia nini? Mimi sijaambiwa kitu." Akanishika mkono, akaukaza. Mama yangu si mtu wa kushikashika watu. "Neno moja tu, mwanangu. Baba yako mkubwa atakuuliza mbele ya wageni kama unawajua. Sema nawajua, kwao hiyo ndiyo kukubali. Ukishaolewa, ya moyoni mwako yatakuwa yako na Mungu wako, mimi sitakuuliza. Lakini ukinifedhehesha mbele ya kanisa, mimi huku nitabaki na nani? Niambie, nitabaki na nani?"

Na kweli, angebaki na nani? Baba hayupo, ndugu zake wako Uluguru, watu wake wote ni wale wa kanisa. Nikasema nitajaribu. Sikusema ndiyo, lakini yeye alisikia ndiyo, nami sikumsahihisha. Nilikuwa nimemtaka mama yangu miaka mitano mizima, na siku zile alikuwa ameanza kuniita mezani, kunichagulia kitambaa, kunicheka ninavyokunja nguo kijeshi. Nilijua anamfurahia mtu ambaye si mimi. Nikajifanya hamnazo, nikala furaha ile hivyo hivyo.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alifika Alhamisi kwa basi kutoka Natal, na suti yake ya kahawia na kofia asiyoivua. Alikuwa amefanya kazi migodini ujana wake wote, anasema Kizulu tu na kile Kizulu cha kuvunjikavunjika cha migodini. Ijumaa ikapita katika kupika. Mama alipata taabu moja tu: ndugu mmoja wa kanisa anayejua Kizulu, aliyekuwa awe mkalimani, alibadilishiwa zamu ya ulinzi. Akasema Mungu atafanya njia.

Wageni walikuja saa mbili asubuhi, wanaume watatu wenye makoti marefu. Mimi kwa mila ya huku nilikuwa nimefungiwa chumba cha nyuma na blanketi mabegani, maana anayeposwa haonekani. Nikasikia kengele ya geti. Nikasikia baba mkubwa akikataza lisifunguliwe. Kwa Wazulu, wanaokuja kuposa husimama nje wakaita kwa sauti majina ya ukoo wa wenye nyumba, wakajitambulisha, na husubirishwa mpaka wakome. Wakongomani wa watu wangejuaje? Walipoona wanaachwa kwenye baridi, wakashauriana, wakaamua labda tunawapima imani. Wakaanza kuimba pambio. Wanaume watatu, sauti tatu, wanapiga makofi barabarani La Rochelle saa mbili ya Jumamosi, na Mreno mwenye duka la ng'ambo ya barabara ametoka na taulo ya kunyolea shingoni. Baba mkubwa akapiga kelele Kizulu, "Hawa wamekuja kuoa au kuzika?" Mimi huko nyuma nilicheka mpaka nikauma blanketi, nikageuka nimtazame wa kucheka naye, nikaona ukuta.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama, kijasho chembamba kinamtoka. "Toka. Hawaelewani hata neno. Wewe ndiye utakayesema."

"Mama, mimi si ndiye ninayeposwa?"

"Najua! Toka, kabla hawajaondoka."

Baba mkubwa hakukubali kirahisi. Alisema tangu azaliwe hajaona ng'ombe anayeuzwa akishika kamba mwenyewe. Lakini alipojaribu kusema na wageni, akaambulia "amina" mara tatu, akaniashiria kwa kofia nikae. Nikaketi kwenye kigoda kati ya kochi lao na kiti chake, nikainamisha kichwa kama mkalimani anavyofanya ili watu watazamane wao. Mama akasimama mlangoni pa jiko. Wanawake hawasemi kwenye kikao kile.

Mzee wa kanisa akaanza, taratibu, Kiswahili chao kile cha Bukavu. "Papa, sisi tulikuya na neno moja tu. Tuliona mutoto mwanamuke mu hii nyumba. Ni mupole. Anajua Mungu. Hana makelele. Tunaomba kufanya ndugu na ninyi."

Nikayageuza Kizulu yote. Nikasema kuna msichana ndani ya nyumba hii, mpole, anamjua Mungu, hana kelele. Nilisikia sauti yangu ikimsifu msichana huyo, nikatamani kumfahamu.

Baba mkubwa akauliza kama wanajua binti huyu ameshika bunduki, na kama kijana wao ni mwanaume wa kutosha kulala nyumba moja na mwanajeshi. Nikatafsiri, na sikupunguza makali. Wale wazee wakacheka wakapigana mabega. Mzee akajibu kwamba kijana wao amekimbia vita na angependa mke asiyekimbia. Lo, jibu zuri. Nilimpa baba mkubwa jibu hilo na hata yeye akatikisa kichwa kwa kukubali. Chumba kikapata joto. Mama akaleta chai, na alipopita akanigusa bega kwa vidole, kidogo tu. Nusu saa ile nilikuwa hodari kuliko nilivyopata kuwa Burundi. Watu wasioelewana walikuwa wanapendana kwa maneno yangu, na mama ananiona.

Ndipo baba mkubwa akakohoa, akakaa wima. "Kabla ya lolote," akasema, "kwetu binti huulizwa. Waambie namuuliza."

Nikawaambia wageni: kwao binti huulizwa, na sasa anamuuliza.

"Mtoto wa mdogo wangu," akasema baba mkubwa, sasa ananitazama mimi, "unawajua watu hawa?"

Hilo nalo nikalitafsiri, kwa mazoea. Kisha hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu. Kila mtu aliacha kikombe. Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa inaniundia lile neno, polepole, kama unavyomfundisha mtoto kusema. Nilitaka kulisema. Naapa nilitaka. Lakini nikamfikiria yule kinyozi akinisubiri Hillbrow na shati lake la kupiga pasi, mtu aliyekwisha kufiwa mara moja, halafu anaoa mwanamke ambaye hayupo. Na hasira zangu, ambazo ni za karibu, zikapanda. Wote wale walikuwa wameongea asubuhi nzima kwa mdomo wangu. Sasa hata jibu langu mwenyewe nipangiwe?

"Siwajui," nikasema kwa Kizulu. Kisha kwa Kiswahili: "Mzee, nisamehe. Nyinyi ni watu wema. Mimi nina mtu wangu, na ni mwanamke, na nampenda." Nikarudia lote Kizulu, nisije nikaambiwa nimemficha mtu.

Mzee wa kanisa alifumba macho. Mwenzake akatazama picha ya sare ukutani, akatazama chini. Mama akatoka mlangoni pa jiko, akaja mpaka katikati ya zulia, akaanza kusema kikaoni.

"Mwambie shemeji yangu," akaniambia, "mwambie mtoto huyu ameugua huko vitani. Kichwa hakiko sawa. Hajui anachosema."

Miaka kumi na miwili nimekuwa mdomo wake. Nikamgeukia baba mkubwa nikamwambia: mtoto huyu ameugua vitani, kichwa chake hakiko sawa, hajui anachosema. Neno kwa neno. Machozi yalikuwa yanateremka lakini sauti nilikuwa nayo.

Baba mkubwa aligeuza kiti chake kuelekea kwangu. Hakuwa mtu mbaya. "Muulize mama yako," akasema, "ugonjwa huu umemwanza lini?"

Nikamuuliza mama ugonjwa umenianza lini.

Nadhani alikuwa na jibu lililo tayari, Burundi, au Kongo, au bomu fulani. Lakini alinitazama na likampotea. Akakaa kwenye mkono wa kochi, karibu na wageni, jambo asilolifanya kamwe. "Tangu ana miaka kumi," akasema taratibu. "Tuko Morogoro. Mimi nilikuwa naona. Miaka yote nilikuwa naona, nikanyamaza, nikisema labda nikinyamaza litapita."

Hapo nilishindwa. Baba mkubwa aliniuliza mama amesema nini, akaniuliza tena, nami nikakaa kwenye kigoda kile nimefumba mdomo. Miaka yote ile niliyodhani sijulikani! Niliyojificha chooni nikilia, niliyokimbilia jeshini ili asijue, kumbe alikuwa chumba cha pili na cherehani yake, anajua, na ameniacha huko peke yangu. Sikuwa na neno la Kizulu la kitu hicho, wala la Kiswahili.

Wageni waliaga kwa heshima. Mzee wa kanisa alimwombea mama akiwa amesimama, baba mkubwa akavua kofia, mara ya kwanza, akaenda kukaa nje juani. Mimi nikafunga begi, na sikuwa na vitu vingi. Mwenzangu nilimpigia kutoka kibanda cha simu karibu na roboti, zile taa za barabarani, akasema anakuja na gari.

Niliporudi kuchukua begi, mama alikuwa getini. Alikuwa amepakua pilau ya wageni, imejaa, na vipande vizuri vya nyama juu, ndani ya kopo la aiskrimu lenye mfuniko. Mama yangu na makopo yake! Mtaa mzima unajua kwamba kopo la mama lazima lirudi, na lirudi na kitu ndani, hata ndizi mbili. Ukichelewa wiki anakuja mwenyewe kulidai, anakaa, anakunywa chai yako, na hivyo ndivyo alivyopata marafiki wote alionao. Akaniwekea mikononi. Lilikuwa bado la moto.

"Mle wote wawili," akasema. Nikadhani nimesikia vibaya, nikataka kumshika.

Akarudi nyuma ya geti, akaanza kulifunga.

"Kopo usilirudishe."